Mnunuzi Niliyemtembeza Bustani kwa Bustani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau na sina mpango wa kuisahau. Ni siku niliyomkuta mtu anakata nyasi zangu kwa mashine isiyo yangu, ndani ya ua ambao nilimwingiza mwenyewe, tena siku hiyo ya kumwingiza nilivaa kitenge kipya kwa heshima yake. Wapo wanaoniambia, Mama Regina, hayo yamepita, yaache yapoe. Mimi nakaa Ifakara. Hapa hakipoi kitu.

Kama unayo biashara ndogo unayotaka kuiuza, iwe saluni, iwe genge, iwe mashine ya kukoboa, sogea karibu. Hasa kama amejitokeza mnunuzi mpole anayeomba aje akae nawe siku chache aone kazi inavyokwenda. Huyo ndiye ninayetaka kukusimulia. Jina lake litakuwa lingine, lakini upole ni uleule.

Nianzie nyuma kidogo, maana bila hapo hutaelewa kwa nini mtu mzima kama mimi, niliyezaliwa sokoni na kukulia kwenye mizani, niliibiwa mchana huku natabasamu.

Kabla ya bustani nilikuwa muuza mchele. Nilifundishwa na Mzee Salehe, mwenye duka la nafaka pale sokoni, mtu ambaye babu zake walikuja bondeni kutoka pwani na vitambaa wakabaki na mchele. Yeye ndiye aliyenipa bambo langu la kwanza. Kama hukulijua, bambo ni kile kijichuma chenye mfereji na ncha kali ambacho mnunuzi anachoma nacho gunia, akichomoa kinatoka na mchele kiganja kimoja. Anautazama, anaunusa, anatafuna punje mbili tatu, anajua kilichomo mpaka chini. Hapa kwetu huwezi kumkatalia mnunuzi bambo. Ukimkatalia ataondoka akitangaza kwamba umechanganya mchele wa zamani na mpya. Nami nilizoea hivyo: anayetaka kuonja ndiye anayetaka kununua, na asiyeonja amekuja kupoteza muda. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Mume wangu Kaspari alikuwa mtunza bustani. Alipofariki aliniachia mashine mbili za kukatia nyasi, mafyekeo, mikasi ya kupunguzia michongoma, toroli moja lililokatika mkono, na kitalu cha miche nyuma ya nyumba. Nilihesabu, nikahesabu tena, nikaona hivyo vyote havifiki hata robo ya alichoniachia hasa. Aliniachia nyua tisa za watu waliokuwa wakimwamini. Masista, ofisi ya mradi mmoja, nyumba ya wageni, afande mmoja mstaafu, na wengine. Hakuna mkataba hata mmoja ulioandikwa. Kila mwezi tulikata, tulipalilia, tulimwagilia, tulilipwa. Niliacha mchele nikaishika kazi ile na vibarua wake wawili, Adelina na Kostantini, na kwa miaka mingi ililipa ada za watoto na kunijengea chumba cha pili.

Kisha magoti yakagoma. Kazi ya maua ni ya kuchuchumaa, na mimi nikichuchumaa ilibidi Adelina aje kuninyanyua kama gunia. Nikaamua kuuza. Nilikuwa nimeshaona pa kwenda: ekari mbili za mpunga huko Mchombe, shamba lenye maji mazuri, mali ya rafiki yangu Mama Fausta ambaye watoto wake walikuwa wamemwita mjini. Aliniambia, "Dada, nitakushikia mpaka mavuno yaishe. Yakiisha sina ujanja, watoto wanataka hela." Tukapeana mikono. Nilitaka uzee wangu nikae kwenye tuta la shamba langu, nifukuze ndege wangu, nile mchele wangu. Nilikuwa nimechoka kupamba nyua za watu wengine. Hilo tu ndilo nililokuwa natafuta, mwanangu, wala si ukubwa.

Ndipo akaja Gidion.

Alikuwa kijana wa kama miaka thelathini, shati limechomekwa, viatu vimepigwa rangi. Alisema amewahi kusimamia vibarua huko kwenye miwa na sasa anataka kitu chake mwenyewe. Alipiga magoti kidogo kusalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akazitazama mashine. Akavuta kamba ya moja, ikawaka. Akazungusha tairi la toroli kwa kidole.

"Unauzaje, mama?"

"Milioni sita."

"Kwa mashine mbili na toroli la mkono mmoja?"

"Toroli nakupa bure, la mkono mmoja halina bei. Hizo sita ni za nyua tisa."

Akacheka. "Sasa hizo nyua nazionaje, mama? Umezifungia stoo?" Kisha akashusha sauti, kwa adabu kabisa. "Nitembeze, mama yangu. Nizione, nao wanione. Mtu hawezi kununua asichokijua."

Na mimi, kwa akili yangu ya sokoni, nilifurahi. Nilijisemea, huyu ni mnunuzi kweli, ameomba bambo.

Tulizunguka wiki nzima. Ningekuwa nimemuuzia maungo yangu nisingemweleza zaidi. Kwa masista nilimwambia asiwashe mashine mpaka misa itoke, na pale kwenye sanamu ya Bikira akate kwa mkasi, asikate kwa mashine, maana mawe yatamvunjia kisu. Kwa afande mstaafu nilimfundisha kwamba lazima kwanza usikilize habari za mguu wake. Ukimkatisha, mwezi huo atasema kelele zinampandisha presha na hutalipwa. Nyumba ya wageni wanataka nyasi zikatwe Alhamisi, kwa sababu harusi zao ni Jumamosi na hawataki bibi harusi atembee na majani mabichi kwenye pindo. Ofisi ya mradi hawajali maua, wanajali mfereji usafishwe kabla ya masika, maji yasiingie kwenye kompyuta. Nilimweleza nani analipa tarehe ngapi, na nani ukimpelekea mche wa bogenvilia mwisho wa mwaka anakuongezea bila kuombwa. Gidion alikuwa akiitikia, "Nimekuelewa, mama." Kweli alikuwa akielewa. Sijawahi kumpata mwanafunzi msikivu kama yule.

Na kwenye kila lango nilitamka maneno haya kwa kinywa changu: "Huyu ndiye atakayenipokea kazi. Mpokeeni kama mimi." Tisa kwa tisa. Sikuruka hata moja.

Wiki ilipoisha alisema anakwenda Morogoro kuzungumza na kaka yake mwenye hela. Nikamfungia na karanga za njiani. Ukapita muda, simu haipatikani. Mavuno yakaanza kuisha, magari ya mpunga yakipita usiku na mchana, Mama Fausta akanipigia kuuliza nimefikia wapi. Nikamwambia mnunuzi yupo, ameshaonja. Kisha Gidion mwenyewe akapiga.

"Mama, nina milioni tatu."

"Tatu na nini?"

"Tatu tu, mama. Mashine zimechoka."

"Mashine zimechoka kama mimi, na sote tunawaka. Sita, mwanangu. Kwa kuwa ni wewe, tano na nusu."

"Basi, mama. Tutaonana."

Tukaonana. Baada ya siku chache tulikuwa na zamu kwa masista. Kostantini alikuwa hajaonekana tangu asubuhi, nikadhani ana homa. Nilipofika langoni mimi na Adelina, nasikia mashine inanguruma ndani. Gidion yumo, na mashine mpya nyekundu, na Kostantini wangu anasomba majani kwa toroli la mikono miwili. Sista mkuu alikuwa barazani. Akanifurahia sana.

"Mama Regina, umekuja kuaga? Umefanya vizuri. Huyu bwana uliyetuletea ana bidii, na bei ametupunguzia, Mungu ambariki."

Nikamwendea Gidion. Nilikuwa nimeshika reki. Adelina aliniondolea ile reki mkononi taratibu, na namshukuru mpaka leo, maana ningekuwa nakusimulia haya kutoka mahali pengine.

"Zima hiyo mashine."

Hakuizima, aliipunguza sauti. "Shikamoo, mama."

"Uliwaambia umenunua?"

"Sikuwaambia hivyo, mama. Kusema uongo ni dhambi, tena hapa kwa masista. Nilisema nimekuja kuanza kazi. Wewe ndiye uliyewaambia wanipokee."

"Nikawaambia wakupokee kwa sababu unanunua."

"Hilo hukuwaambia, mama." Akafuta jasho. "Halafu biashara ni ushindani. Anayekata vizuri kwa bei nafuu ndiye anakata."

Nikamgeukia Kostantini. Alikuwa anatazama nyasi. "Mama, mimi nilijua umeuza," akasema. "Alikuja nyumbani akaniambia sisi tumo ndani ya bei."

Ndani ya bei. Mtu mwenye mke na watoto wanne, aliyefanya kazi na Kaspari, anaambiwa amenunuliwa pamoja na toroli, na hata hilo toroli halikununuliwa. Nilisema maneno mengi hapo, kwa Kipogoro, na heri sista mkuu alikuwa mtu wa Songea.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Salehe, nikijua atanipa kikombe cha kahawa na atamlaani Gidion pamoja nami. Nilimsimulia yote. Hakumlaani mtu. Alinyoosha mkono akachukua bambo lililokuwa limening'inia kwenye msumari, akaliweka juu ya meza mbele yangu.

"Binti yangu, mtu akichoma gunia kwa hiki, anaondoka na nini?"

"Kiganja kimoja."

"Na gunia?"

"Linabaki kwangu."

"Na huyo kijana alipoonja, kilibaki nini kwako?"

Nikalichukua lile bambo, nikalipindua mfereji chini.

"Mashine ziko dukani, mtu yeyote anaweza kununua mpya. Mafyekeo yako dukani, ninayo hata mimi hapo nyuma. Wewe ulikuwa unauza kujulikana na kujua. Ukampa kujua kwa maelezo yako, ukampa kujulikana kwa kumtambulisha. Hakuonja, binti yangu. Alibeba gunia, na wewe ukamsaidia kujitwika." Akanitazama vibaya, na alikuwa na haki. "Mimi ndiye niliyekufundisha bambo. Sikukuambia uende nalo kwenye kila kitu."

Nikaanza kulia kwa hasira, si kwa huzuni. Nikamwambia nitakwenda nikachome ile mashine yake nyekundu. Mzee Salehe akasema, "Ukiichoma utalipa mashine, na nyua zitabaki kwake. Hasira unayo, usiipoteze. Ivalishe viatu uzunguke nayo. Ulikokwenda kusema mpokeeni, nenda kaseme sijauza."

"Leo?"

"Unasubiri aje tena mwezi ujao wapate kumzoea?"

Basi nikazunguka, kwa magoti yaleyale. Nisikudanganye, mwanangu, ile ilikuwa safari ya aibu. Kumwambia mtu uliyemletea mgeni kwamba mgeni wako ni mwizi, unakuwa unamwambia pia kwamba wewe huna macho. Masista walinirudia siku ileile; sista mkuu aliona haya kuliko mimi. Afande mstaafu alinisikiliza mpaka mwisho, mara ya kwanza katika maisha yetu, kisha akasema yule kijana alimkatisha habari za mguu, alikuwa amekwisha kumchukia. Wengine watatu wakakubali. Nyumba ya wageni walisema pole sana mama, lakini bei yake ni nzuri. Ofisi ya mradi hawakunifungulia lango. Mlinzi aliniambia kupitia tundu kwamba bosi ana kikao. Wawili waliobaki walisema watafikiria, na nadhani mpaka sasa wanafikiria. Kostantini alirudi baada ya siku mbili, amesimama mlangoni kama mkwe. Nikampa fyekeo lake. Akaenda nalo kazini.

Kwa hiyo zikabaki tano. Lakini biashara iliyovunjwa katikati ya mavuno nani atainunua? Hakuna aliyefika hata kutazama. Mama Fausta alinishikia shamba mpaka mpunga wa mwisho ukaingia ghalani, hilo namshuhudia mbele ya Mungu, kisha akapiga simu, sauti imemwisha. Amepata mtu mwenye hela mkononi. Nikamwambia pokea, dada. Ningemwambia nini kingine?

Nikipanda basi la kwenda Mlimba, pale linapopita Mchombe, mimi hukaa dirisha la upande wa pili. Najua vizuri shamba liko upande gani.

Ungependa nikuambie Gidion alifilisika. Hata mimi ningependa. Gidion ana pikipiki mbili na mtoto anasoma shule ya kulipia. Kitu kimoja tu hana: mkono wa miche. Akiotesha, inakufa, akihamisha, inakauka. Kwa hiyo, msimu wa mvua unapoanza na wateja wake wanataka maua, anakuja kwangu, maana kitalu changu ndicho kinachostawi, na siri yake siitaji hapa, nimekwisha kujifunza. Anabisha lango. Ninamtokea upande wa ndani, kufuli limefungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hiyo namwitikia, kwa kuwa salamu sijawahi kuipangia bei.

"Naomba nichague mwenyewe, mama. Niingie tu kidogo nione."

"Utaiona ikitoka. Pitisha hela hapo chini."

Anapitisha. Nahesabu, nahesabu tena, naye amesimama juani na shati lake la kuchomeka. Kisha Adelina anamtolea miche juu ya ukuta. Bei yake ni mara mbili ya bei ya watu wengine, anajua, na analipa. Kila mara nategemea nitaridhika. Bado.

Biashara nimekwisha kuiuza, mwaka juzi, kwa Adelina huyohuyo. Hapo nilikuwa mwanafunzi aliyefaulu. Tulipatana bei barazani kwangu, Mzee Salehe akiwa shahidi kabla hajafariki. Adelina alikuwa anajua kazi kuliko mimi, lakini hajawahi hata siku moja kutambulishwa langoni kama mwenye mali. Siku zote alikuwa "yule binti wa Mama Regina". Hilo ndilo nililomuuzia. Alinilipa kidogo kidogo, mavuno kwa mavuno. Siku aliyomaliza, tukajifunga vitenge vya kufanana tukazunguka nyua zote, na kwenye kila lango nikayatamka yale maneno tena. Safari hii nilisema na mwanzo wake: "Huyu amenunua. Mpokeeni kama mimi." Kwa afande tulikaa mpaka saa nane, mguu umezidi.

Hela ile haikutosha shamba. Ekari zimepanda bei, na mimi nimepanda umri. Nimenunulia mabati na matibabu ya magoti. Mchele nanunua sokoni kama watu wengine, nikiuonja kwanza.

Sasa nisikie vizuri, mwanangu. Kabla hujapanga bei, kaa peke yako ujiulize: mtu akija akatazama, akasikiliza, akaondoka bila kulipa, mimi nabaki na nini? Kama unabaki na kitu kizima, mwonyeshe mpaka achoke. Kama unachouza kiko kwenye maelezo yako na kwenye watu wako, mwonyeshe mashine, mwonyeshe kitabu cha hela zilizoingia kama unacho, mpitishe barabarani aone nyua kwa nje, basi. Majina ya watu na tabia zao, ayapate akishalipa sehemu kubwa isiyorudishwa. Kumtambulisha iwe siku ya malipo ya mwisho, wala usione haya kumwambia hivyo usoni. Mnunuzi mwema ataguna kisha atalipa. Waambie mapema na wanaokufanyia kazi, wasikie kwako kwamba unauza, asije mgeni akawaambia wamo ndani ya bei. Na ukishaibiwa, kama nilivyoibiwa mimi, usikae nyumbani na hasira yako unaitunza kama mgonjwa. Toka nayo siku hiyohiyo, ikufanyie kazi kabla mwizi hajazoeleka.

Mungu akubariki, mwanangu, kazi ya mikono yako isiliwe na mtu aliyekuja kuitazama. Akujalie mnunuzi mwenye haya usoni. Na akichelewa kumleta huyo, basi akujalie lango zuri, na kufuli lisiloshika kutu.